Upepo wa Ubavuni

Ukitoka Edmonton mpaka kile kiwanja kidogo cha ndege kaskazini mwa London ni mwendo mfupi kwa gari, barabara ikiwa haina foleni. Lakini Jumamosi ile ya mwezi wa Machi, mwaka 2004, Talib aliiona njia ndefu kuliko safari iliyomtoa Pemba utotoni. Pembeni yake alikaa mama yake mzazi, Bi Ummukulthum, na kati yao lilikaa sharti.

"Umwambie leo leo," alisema Bi Ummukulthum, chupa ya chai ya tangawizi mapajani. "Kesho ndiyo posa. Mie siwezi kwenda kwa Mzee Muhsin, nikakaa kwenye kochi lake, nikala halua yake, nikamposa bintiye, kisha wiki ya pili niitwe nikaokote mkwe majanini."

"Hakuanguka, mama. Ndege ilitoka njiani tu."

"Na basi likiacha barabara likaingia kwenye ua wa watu, utasema limetoka njiani tu?"

Talib akakaza macho barabarani. Kijana huyu alikuwa mfamasia huko Queensbury, na siku za kazi alibishana na madaktari kwenye simu mpaka wenyewe wakapunguza dozi. Mbele ya mama yake, hata hivyo, ulimi ulimganda kama mtoto aliyemwaga maziwa. Usimcheke. Bi Ummukulthum alifiwa na mumewe Talib angali mdogo, akamlea peke yake katika nchi ya baridi kwa kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kizungu. Mama wa namna hiyo akisema neno, neno lina uzito wake.

"Aiache ndege," alihitimisha mama. "Akiiacha, kesho naposa kwa moyo mweupe. Asipoiacha, sendi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Na kwa kweli domo lake mwenyewe ndilo lililomponza. Jumamosi iliyotangulia alikwenda kumtazama mchumba wake, Ibtisam, akijifunza kutua. Siku hiyo upepo ulikuwa wa ubavuni, yaani haukuipiga ndege usoni bali uliikata njia yake kutoka upande. Ndege ikashuka vizuri, magurudumu yakagusa, na Talib akaanza kupiga makofi. Ghafla bawa la kushoto likainuka, pua ikageukia kushoto, na ndege nzima ikaiacha njia ikaingia majanini, ikiyumba huku na huku mpaka ikasimama. Ibtisam alikuwa na mwalimu wake ndani, na hakuna aliyeumia. Lakini Talib hakungoja kulijua hilo. Aliruka uzio akakimbia uwanjani, mahali ambapo mtu haruhusiwi hata kutia pua, tope likamvua kiatu cha kushoto, naye akaendelea na soksi. Wakamrudisha kwa ukali. Alipofika nyumbani na kiatu kimoja mama akamuuliza, naye akatapika yote.

Sasa alikuwa anavuna alichopanda. Aliegesha gari karibu na uzio, akamwacha mama na chai yake, akaenda.

Ibtisam alikuwa anaizunguka ndege yake ndogo nyeupe, anaikagua kabla ya kuruka. Alipitisha kiganja ukingoni mwa bawa, akainama kutazama magurudumu, akatikisa mkia taratibu. Huyu alikuwa binti wa Mzee Muhsin wa Harrow, mzaliwa wa Malindi, Unguja. Wiki nzima aliwakatia watu tiketi za ndege katika duka la safari la Bwana Rasik, na Jumamosi akaruka mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la ngozi, mtandio wa buluu ameuchomeka ndani ya kola upepo usiuchezee, na Talib alipomkaribia akasikia harufu ya udi ikipambana na harufu ya mafuta ya ndege. Udi ulikuwa unashinda. Moyo wa kijana ukamwenda mbio. Kila alipomwona binti huyu alihisi kama mtu aliyepewa kitu kizuri kimakosa, akaogopa mwenyewe atakuja kukidai.

"Naona leo umevaa viatu viwili," Ibtisam alisema bila kugeuka.

"Nimekuja navyo vyote."

"Subiri." Akafungua begi lake lililokuwa chini, akatoa kiatu cheusi cha mguu wa kushoto, kimepigwa rangi mpaka kinang'ara. "Nilirudi Jumapili nikakitafuta. Kilizama, kisigino tu ndicho kilichoonekana. Nikasema, mwanamume aliyenikimbilia mpaka kiatu kikamvuka, kiatu chake hakibaki topeni."

Talib akakipokea. Ibtisam akamtazama usoni, yale macho yake makubwa yakacheka kabla ya midomo. Kisha yakahamia nyuma ya bega la Talib, penye gari, na kicheko kikapungua.

"Yule si mama?"

"Ndiye."

"Amekuja kunitazama nikitua, au amekuja kunitazama nikianguka?"

"Ibtisam, usiseme hivyo."

"Basi sema wewe. Uso umekukunjamana tangu umeshuka garini. Kuna nini?"

Akasema. Alisema akitazama kiatu, maneno yakitoka mojamoja. Mama hana kinyongo. Mama anampenda. Mama anaogopa tu. Mama atakuja Harrow kesho, lakini iwe Ibtisam ameacha habari ya ndege. Alipomaliza, upepo ulikuwa unaipigapiga soksi kubwa ya rangi ya chungwa iliyofungwa juu ya mlingoti kuwaonyesha marubani upepo unakotoka.

"Nimemsikia mama," Ibtisam alisema. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi?"

"Wewe. Talib. Kesho ananiposea nani?"

"Mimi nilikuona ukitoka njiani," Talib alisema, na sauti ikapanda bila yeye kutaka. "Wewe ulikuwa ndani, hukujiona! Mimi nilikuwa pale kwenye uzio. Nilijua nimeshakupoteza. Wiki nzima silali. Nikifumba macho naiona ile ndege. Sasa unataka nisemeje?"

Ibtisam aliegemea bawa, akavuta pumzi.

"Unajua kwa nini nilitoka njiani?"

"Upepo."

"Si upepo. Upepo ulikuwepo tangu asubuhi. Nilitua sawasawa, Talib. Magurudumu yakagusa. Na yalipogusa..." Akasita. Kwa mara ya kwanza siku ile jeuri ilimtoka, akawa na haya. "Nikaachia usukani. Nikasema Alhamdulillahi, nikafuta uso."

"Ukafanya nini?"

"Nikafuta uso! Mikono yote miwili, hivi." Akainua viganja akavipitisha usoni, toka paji mpaka kidevu, kama mtu aliyemaliza dua. "Tulipotoka Unguja, nilikuwa na miaka tisa, nimekaa na bibi yangu. Ndege ilipogusa chini hapa London, bibi akanishika mikono akaniambia, 'Umefika, shukuru.' Ndege nzima watu wanashukuru. Tangu siku hiyo kila nikifika kwa ndege nafuta uso. Mikono ilikwenda yenyewe. Mwalimu wangu Harjit akapiga kelele, 'I have control!' yaani sasa ndege anaishika yeye, lakini bawa lilishanyanyuka."

Na hapo Talib akafanya kosa ambalo wanaume wengi wamelifanya kabla yake. Alicheka.

Hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa sababu wiki nzima alikuwa amebeba jiwe kifuani, na jiwe lenyewe kumbe ni mchumba wake anasema Alhamdulillahi. Lakini kicheko kikishatoka, nani atakieleza?

"Cheka," Ibtisam alisema. "Cheka sana. Harjit hakucheka. Aliniambia neno moja tu. Abiria anafika magurudumu yakigusa, rubani anafika ndege ikisimama. Nimelilala neno hilo, nimeliamkia. Kosa langu nalijua. Ningekuwa silijui, ningeacha leo bila kuambiwa na mtu."

"Basi ukishatua vizuri leo, uache. Hapo utakuwa umeshaonyesha."

"Nimwonyeshe nani?" Macho yakawaka. "Mimi leo situi kwa ajili ya mama yako, wala kwa ajili yako. Natua kwa ajili yangu. Na sharti lenu nalijibu hapa hapa, usije ukasema sikukujibu. Silikubali. Kesho mkija, mmekuja, tutafurahi. Msipokuja, baba atakunywa chai yake, na halua ameshainunua, tutaila wenyewe."

"Ibtisam..."

"Nilidhani mtu aliyenikimbilia na soksi hana haja ya sharti. Nenda kwa mama, Talib. Baridi itampiga."

Akamgeuzia mgongo, akaendelea kukagua bawa ambalo alikwisha kulikagua. Talib akainamisha kichwa, akarudi kwenye gari.

Harjit Singh alikuwa anakuja kutoka ofisini, kilemba cha kijani, redio ndogo mkononi. Mwalimu huyu alizaliwa Nairobi, akahamia Harrow ujanani, na Kiswahili hakijamtoka. Alimpungia Ibtisam mkono. "Nenda peke yako sasa! Miguu iwe macho!" Kisha akamfuata Talib mpaka kwenye gari, kwa sababu alikuwa anakumbuka vizuri sana mtu aliyekimbia uwanjani kwake na kiatu kimoja, na leo alikusudia kusimama karibu naye.

"Umemwambia?" Bi Ummukulthum aliuliza, kioo kikishuka.

"Nimemwambia. Amekataa."

"Amekataa?"

"Amekataa, mama. Amesema tusipokwenda, halua wataila wenyewe."

Bi Ummukulthum akafungua mlango, akatoka na koti lake zito na khanga aliyojitanda juu yake. Alikuwa mwanamke mrefu, na alipokasirika aliongezeka. "Haya, na ile ajali alisemaje? Si alisema ni upepo? Kila mtu siku hizi anasingizia upepo."

Talib akamwambia. Hakuwa na nguvu ya kuficha kitu. Alipofika pale pa kufuta uso alingoja mama yake acheke, au aseme astaghfirullahi. Mama hakufanya lolote katika hayo. Aliivuta khanga iliyokuwa inapepea.

"Ndege imegusa tu, akashukuru?"

"Ndiyo, mama. Kafunzwa na bibi yake."

"Hajangoja hata isimame."

"Hajangoja."

"Mh," alisema Bi Ummukulthum. Talib aliijua miguno yote ya mama yake, lakini huo ulikuwa mpya. "Nasikia vijana wa hapa wakifika mahali husema 'cool'. Huyu kalelewa."

"Kalelewa vizuri sana, mama," Harjit aliingilia, "lakini mimi nilipoteza miaka mitano ya umri wangu pale kwa hofu. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kumbe Kiswahili unacho?"

"Ninacho chote. Tazama, anakwenda sasa."

Ndege nyeupe ilinguruma, ikakimbia, ikapaa. Ikazunguka polepole juu ya mashamba na nyumba za matofali, ikawa ndogo, ikageuka, ikaanza kurudi. Harjit aliinua redio karibu na sikio, na ndani yake wakaisikia sauti ya Ibtisam, imetulia, inasema kwa Kiingereza kwamba anakuja kutua. Talib hakuwahi kuisikia sauti ile. Kwake Ibtisam alizungumza kwa kucheka au kwa kugomba. Hii ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi yake, na Talib alijisikia fahari kifuani kabla hajakumbuka kuogopa.

"Mbona inakuja upande upande kama kaa?" Bi Ummukulthum aliuliza, kidole angani.

Harjit akacheka. "Hata Wazungu wanaita hivyo hivyo, mama. Upepo unatoka kushoto, unataka kumsukuma atoke. Kwa hiyo yeye anaelekeza pua kwenye upepo na kuja ubavu ubavu. Akifika chini ananyoosha pua kwa miguu, kwa kukanyaga pedali, analaza bawa la kushoto kidogo, anagusa kwa gurudumu moja."

"Moja!"

"Moja la upande wa upepo, kisha la pili. Na hapo sasa, mama, ndipo kazi inaanza. Wanafunzi wengi wakigusa wanaona imekwisha. Upepo unawangoja pale pale."

Ndege ilikuwa chini sana sasa. Mara upepo ukapiga kwa nguvu, majani ya uwanja mzima yakalala. Bawa likatikisika. Talib akaona mwanga kati ya magurudumu na njia, mwanga mwembamba, ukawa mpana, ukawa mwembamba tena. Kisha injini ikanguruma kwa nguvu zake zote na ndege ikapanda juu, ikawapita vichwani, ikaenda zake.

"Amekimbia," alisema Bi Ummukulthum, na sauti haikuficha kwamba amesikitika.

"Hapana, mama. Hajakimbia, amekataa." Harjit alikuwa anatabasamu mpaka ndevu zikapanuka. "Haikuwa nzuri, ameikataa. Mimi nimefundisha watu wengi. Wanaharibu ndege kwa sababu wanaona haya kukataa. Wanasema watu wananitazama, nimeshafika hapa, acha nitue tu. Huyu anajua tunamtazama. Amekataa mbele yetu."

Bi Ummukulthum akalirudia neno lile polepole. "Amekataa."

Talib alimtazama mama yake kwa pembe ya jicho. Kuna habari moja ambayo nyumbani kwao haikuwa ikisimuliwa ila kwa kunong'ona. Baada ya kumaliza eda, mama huyu aliletewa shemeji yake amwoe, wazee wote wa Wete wamekwisha kubaliana, na halua imekwisha pikwa. Akakataa mbele yao wote. Akamchukua mwanawe akaondoka. Kwa hiyo kuna watu Pemba ambao mpaka leo hawamsalimu, na kwa hiyo Talib alisoma akawa mfamasia.

Sijui ni habari hiyo iliyomsukuma, au ni kile kiatu alichokuwa angali amekishika mkononi, kinanuka rangi mpya. Maneno yalimtoka.

"Mama, kesho mie nakwenda Harrow."

"Tutaona."

"Hapana, mama. Nakwenda. Wewe ukija, nitakubusu miguu. Usipokuja, nakwenda peke yangu. Na sendi na sharti."

Bi Ummukulthum akamgeukia mzima mzima. "Ukajipose mwenyewe? Tangu lini mposaji akajiposea? Wallahi watatucheka mpaka Wete."

"Wacheke. Nitamwambia Mzee Muhsin, mimi ni Talib, sina mshenga, nimekuja na viatu vyangu viwili. Akinifukuza nitarudi Jumapili ya pili."

"Mwanangu umepata jeuri wapi weye?"

"Sijui, mama. Labda nimerithi."

Harjit alianza kukohoa, akatazama pembeni kwa adabu. Bi Ummukulthum alifungua mdomo kujibu, na jibu lake, kwa jinsi pumzi ilivyokuwa imeshaingia, lilikuwa refu. Lakini angani kukasikika mngurumo.

"Nyamaza," alisema. "Mtoto anakuja."

Ndege ikaja upande upande, kama kaa, chini, chini zaidi. Upepo haukupungua hata chembe. Na Talib, shujaa wetu aliyetoka kutangaza vita na mama yake mzazi, alifumba macho.

Kwa hiyo hakuona. Alisikia. Alisikia injini ikishuka, ikawa kama inanong'ona. Alisikia kilio kifupi cha gurudumu moja, kisha kimya ambacho kwake kilikuwa na urefu wa mwaka, kisha kilio cha gurudumu la pili. Na baada ya hapo alisikia sauti ya mama yake, imepanda juu kama ya mtu anayemwita mtoto katikati ya barabara.

"Shika! Shika hivyo hivyo! Usishukuru bado, mwanangu! Usishukuru bado!"

Mtu aliyeswali sala tano maisha yake yote, amesimama kwenye uzio wa kiwanja cha ndege cha Waingereza, anampigia mtu kelele asimshukuru Mungu.

"Shukrani itangoja! Mola ana subira! Shika usukani!"

Talib akafumbua macho. Ndege ilikuwa inakwenda katikati ya njia, imenyooka, bawa la upande wa upepo limetulia chini, mwendo unapungua. Haikuyumba. Ikafika mwisho wake, ikageuka bila haraka, ikarudi kwa mwendo wa mtu anayetembea, mpaka mbele yao, upande wa pili wa uzio. Ikasimama. Lile panga la puani linaloivuta ndege likazunguka, likalegea, likaonekana mabapa yake, likasimama.

Nyuma ya kioo, mikono miwili ikainuka.

Talib aligeuka kumwonyesha mama yake, akakuta mama yake naye ameinua yake. Bi Ummukulthum alikuwa amefumba macho sasa, midomo inacheza. Viganja vinne vikapita kwenye nyuso mbili kwa wakati mmoja, huku uzio na kioo viko kati yao. Harjit akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Ibtisam alishuka. Mtandio ulikuwa umemtoka kwenye kola, mashavu yamemwiva kwa baridi. Alitembea kichwa juu, mabega nyuma, kama mtu anayetoka kwenye shamba lake mwenyewe, akapita kwenye lango dogo la uzio, akafika mbele ya Bi Ummukulthum, na hapo ndipo alipoinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mara ya kwanza ulipanda tena juu. Kwa nini?"

"Haikunipendeza, mama."

"Na sharti langu?"

Ibtisam aliinua macho. Hakuwa na ufidhuli hata kidogo machoni, ila hakuyateremsha.

"Nalo halikunipendeza, mama. Unisamehe."

Bi Ummukulthum akaingiza mkono garini. Akachukua chupa yake, akamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. "Kunywa, umepigwa na upepo. Mwambie baba yako kesho tunakuja baada ya adhuhuri. Na huyu mwanangu abaki nyumbani kama wanaume wenzake wanaoposewa, maana alitaka kutuaibisha. Mwambie pia mama yako asinipikie vyakula vingi, mie nitaleta vyangu. Nina mkwe rubani. Sendi mikono mitupu."

Ibtisam akapokea chai. Akapiga funda la kwanza. Akamgeukia Talib.

"Ulitaka kufanya nini, mpaka umwaibishe mama?"

"Nilisema nitakuja mwenyewe kujiposea. Bila sharti."

"Ulisema lini? Baada ya kutua?"

"Kabla."

"Kabla," alijibu Harjit naye, akiwa anatazama mawingu. "Mimi ni shahidi."

Yale macho ya Ibtisam yakaanza kucheka kabla ya midomo, na Talib akajua jua limetoka, hata kama London nzima ilikuwa ya kijivu. Akamsogelea hatua moja, umbali wa heshima, mama akiwepo.

"Uliniona?" Ibtisam aliuliza chini chini. "Uliliona gurudumu la kwanza? Lilikaa pale pale nilipotaka."

Talib angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi, na hakuna ambaye angemkamata.

"Sikuona," alisema. "Nilifumba macho."

"Mie nilitazama mpaka mwisho," Bi Ummukulthum alisema. "Huyu nilimzaa kwa uchungu mkubwa, sijui woga kautoa wapi."

Wengine wangekasirika. Ibtisam alikunywa funda la mwisho, akarudisha kifuniko kwa adabu, akauchomeka mtandio ndani ya kola.

"Mwalimu, mafuta yanatosha?"

"Yanatosha," Harjit alijibu.

"Basi naomba nizunguke mara moja tu." Kisha kwa Talib, taratibu, maneno ambayo mwanamume yule aliyaweka moyoni mpaka uzeeni: "Ile nilitua kwa ajili yangu. Hii natua kwa ajili yako. Fumbua macho."

Akaondoka. Upepo ulikuwa mkali kuliko mwanzo, unatoka kushoto, unaingia machoni kama sindano. Bi Ummukulthum akamnyang'anya mwanawe kile kiatu, akakikumbatia yeye, ili kijana awe na mikono mitupu. Ndege ikapaa, ikazunguka, ikarudi ubavu ubavu. Pua ikanyooka. Gurudumu la kushoto likagusa, kisha la kulia, na Talib akayaona yote mawili. Machozi ya upepo na yasiyo ya upepo yalimtiririka mpaka kidevuni, naye akayaacha. Hakuufuta uso wake mpaka panga liliposimama.